Wake 27 wa Mwezi

Paukwa!

Kama umejibu "Pakawa" moyoni, twende. Hadithi ya leo inatoka Bara Hindi, na wahusika wake wakuu mmeshawaona, maana wako angani hadi leo.

Alikuwako mzee mmoja, Daksha, mwenye mabinti wengi. Ishirini na saba kati yao aliwaoza kwa mume mmoja, naye ni Mwezi. Kwa Wahindi wa kale Mwezi ni mwanamume, kijana mtanashati aitwaye Chandra, na jina lake jingine ni Soma. Sharti la ndoa lilikuwa moja tu: kila mke na usiku wake. Leo alale kwa huyu, kesho kwa yule, akimaliza wote arudi kwa wa kwanza.

Mwezi aliitikia kwa mdomo. Moyo wake ulikuwa kwa Rohini, mwekundu, mwenye kung'aa kuliko dada zake, na haukupita muda akawa habanduki nyumbani kwa Rohini. Wale 26 wakavumilia, wakachoka, wakaenda kumshtaki kwa baba yao. Daksha akamwonya mkwewe, akamwonya tena. Kila akionywa Mwezi anaapa kujirekebisha, na usiku ukiingia huyo, kwa Rohini. Mzee akapandwa na hasira, akamlaani: akonde, adhoofike, aishe kabisa.

Laana ikashika. Usiku baada ya usiku Mwezi akapungua. Mitishamba ikaanza kunyauka, kwa kuwa iliaminika kwamba huishi kwa baraka zake, na miungu wakaingiwa na hofu wakaenda kumwombea. Daksha alikuwa amekwisha kutamka, na neno la laana halirudi kinywani. Alichoweza ni kulilegeza. Akamwagiza Mwezi akaoge mahali panapoitwa Prabhasa, ufukweni, na tangu hapo atakonda nusu ya mwezi na kunenepa nusu nyingine. Prabhasa ipo Gujarat, kwenye pwani ya bahari hiihii inayopiga Mombasa na Zanzibar, na hekalu lililopo hapo linaitwa Somnath, yaani bwana wa Soma.

Sasa, wajukuu zangu, kwa nini wake 27? Kwa nini wasiwe 20, au 30?

Mwezi humaliza mzunguko mmoja kati ya nyota kwa siku 27 na theluthi hivi. Tazameni nyota zilizo karibu nao leo usiku. Kesho saa ileile utakuwa umekwisha kuzihama, umesogea mashariki kwenda kwa nyota nyingine. Wahindi wa kale waligawa njia hiyo katika vituo 27, kila kimoja wakakiita nakshatra. Zipo pia orodha zenye 28. Mabinti wa Daksha ndio vituo vyenyewe. Rohini ni ile nyota nyekundu ambayo wengi wanaijua kwa jina lake la Kiarabu, Aldebaran. Jirani yake ni Krittika, na huyo hamhitaji kutambulishwa: ni Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho wakulima wetu wamekitazama tangu enzi kujua majira ya mvua na jembe. Katika orodha za kale kabisa za Kihindi, Krittika ndiye anayetajwa wa kwanza.

Makuhani wa Veda, maandiko matakatifu ya Wahindi wa kale, walikuwa na sababu nzito ya kujali mambo haya. Sadaka zao za moto zilikuwa na nyakati zake: mwezi ukiandama, mwezi ukiwa mpevu, jua likigeuza safari yake. Ukikosea siku, sadaka imeharibika. Kwa hiyo, pamoja na Veda zenyewe, wanafunzi walifundishwa elimu sita za kuzisaidia, zinazoitwa Vedanga, viungo vya Veda: matamshi, mizani ya mashairi, sarufi, asili ya maneno, taratibu za ibada, na jyotisha, elimu ya mianga ya angani.

Kitabu kikongwe zaidi cha jyotisha kilichotufikia kinaitwa Vedanga Jyotisha, na anayetajwa kuwa mwalimu wake ni Lagadha. Msidhani ni kitabu kinene. Toleo moja lina beti 36, jingine lina arubaini na kitu. Ndani yake hamna hata neno moja kuhusu nani ataolewa lini au nani atapata mali. Ni hesabu tupu, na zimebanwa sana kiasi kwamba baadhi ya beti bado zinawatoa wataalamu jasho.

Chukueni kalamu tuzijaribu. Lagadha anafunga miaka 5 pamoja na kuiita yuga. Ndani ya yuga hiyo anaweka siku 1,830, miezi 62 ya kuandama, na mizunguko 67 ya Mwezi kati ya nyota. Gawanyeni 1,830 kwa 67. Mnapata siku 27.31, na vipimo vya leo vinasema 27.32. Gawanyeni 1,830 kwa 62. Mnapata 29.52, na leo tunasema 29.53. Watu hawa hawakuwa na darubini! Kwenye mwaka ndiko alikoteleza. Ukigawa 1,830 kwa 5 unapata 366, ilhali mwaka wa jua ni siku 365 na robo pungufu kidogo, kwa hiyo kila yuga moja kalenda yake ilipitiliza kwa karibu siku 4. Watunza kalenda hawakuwa na njia ila kuirekebisha kwa macho, kwa kutazama anga lenyewe.

Saa yake ilikuwa chombo cha maji. Anasema mchana mrefu kuliko yote una muhurta 18 na ulio mfupi kuliko yote una muhurta 12, na muhurta moja ni dakika 48. Maana yake mchana mmoja una saa 14 na dakika 24, mwingine saa 9 na dakika 36. Kwetu sisi tunaoishi karibu na ikweta jambo hilo ni kama ndoto, kwa sababu mchana wetu haubadiliki sana mwaka mzima. Tofauti ya namna hiyo hutokea kaskazini kabisa ya Bara Hindi. Hutokea pia Babeli, nako walitumia uwiano huohuo wa 3 kwa 2. Wataalamu wamebishana miaka mingi kama Lagadha aliupima mwenyewe au aliupokea kwa wageni. Likumbukeni swali hilo la wageni, tutalirudia.

Kwanza niwafundishe mchezo. Vitabu vya Kisanskriti vya elimu hii karibu vyote viliandikwa kwa beti, kwa sababu mwanafunzi alitakiwa avihifadhi kichwani. Lakini hesabu huvunja mizani. Utaimbaje "mia nne ishirini na saba" mahali panapotaka silabi tatu fupi? Basi wakabuni njia ya kutaja tarakimu kwa vitu. Mwezi ni 1, maana upo mmoja. Macho ni 2. Moto ni 3, kwa mioto mitatu ya sadaka. Veda ni 4. Mishale ni 5, kwa sababu mungu wa mapenzi, Kama, anabeba mishale mitano ya maua. Majira ni 6, kwani mwaka wa Kihindi una majira sita. Milima ni 7, tembo ni 8, na anga, lililo tupu, ni 0. Kila kitu kina majina kumi au ishirini katika Kisanskriti, hivyo mshairi hakosi neno linaloingia kwenye mizani yake. Halafu kuna mtego: tarakimu hutajwa kuanzia mamoja, kisha makumi, kisha mamia. Nikiwaambia "anga, macho, mwezi", ni ngapi? Sifuri, mbili, moja. Ukiigeuza inakuwa 120. Ishikeni hiyo 120, tutaihitaji.

Mchezo huu una hatari yake. Neno moja likisomwa vibaya kwenye jani lililoliwa na wadudu, karne nzima inaweza kuhama. Ilitokea kweli.

Kathmandu, mji mkuu wa Nepal, pamehifadhiwa muswada wa majani ya mtende wa kitabu kiitwacho Yavanajataka. Yavana ni Wagiriki. Jataka ni elimu ya kuzaliwa. Hiki sasa ni kitabu cha utabiri hasa: mtoto amezaliwa saa fulani, sayari zilikuwa hapa na pale, basi maisha yake yatakuwa hivi. Mwandishi wake anaitwa Sphujidhvaja. Mmarekani David Pingree, mtu aliyesoma miswada ya unajimu ya Kisanskriti kuliko pengine yeyote katika karne yake, alikitafsiri na kukichapisha mwaka 1978 kwa juzuu mbili. Kazi yenyewe ilikuwa ngumu, kwa kuwa muswada aliokuwa nao umeharibika na pengine hausomeki. Karibu na mwisho akakuta maneno ambayo aliyasoma hivi: Narayana, tarakimu, mwezi. Narayana ni Mungu, mmoja, kwa hiyo 1. Tarakimu zipo tisa, kwa hiyo 9. Mwezi ni 1. Kumbe ni mwaka 191! Mwaka wa hesabu ya Shaka, inayoanzia mwaka 78 wa kalenda yetu. Jumlisheni: 269. Vitabu na ensaiklopidia duniani vikaandika kwamba Yavanajataka ni cha mwaka 269 au 270, na kwamba kilitokana na kitabu cha Kigiriki kilichotafsiriwa miaka 120 kabla yake.

Zaidi ya miaka 30 ikapita. Mtafiti mwingine, Bill Mak, akapata muswada wa pili hukohuko Kathmandu, akausoma pamoja na ule wa kwanza, na mwaka 2013 akachapisha alichokiona. Silabi chache pale mwishoni zinasomeka vingine, na pale Pingree alipoona tarakimu, yeye hakuona tarakimu yoyote. Mwaka 191 ukayeyuka. Mak alichokubali kusema ni kwamba kitabu kiliandikwa wakati wowote kati ya karne ya kwanza na mwanzo wa karne ya saba. Hiyo ni nafasi ya miaka kama mia sita! Napenda kisa hiki kwa sababu kinaonyesha jinsi elimu inavyokwenda: mwanachuoni mkubwa, kazi ya miongo, na silabi chache mno.

Tarehe imeyeyuka, ila Wagiriki hawakuyeyuka pamoja nayo. Wamo ndani ya lugha. Kisanskriti ni lugha inayojivunia maneno yake yenyewe, lakini wanajimu wake wanasema hora, kendra, drekkana, lipta, na yote hayo ni Kigiriki kilichobadilishwa lafudhi: hora ni saa, kendra ni sehemu muhimu za ramani ya nyota, drekkana ni theluthi ya buruji, lipta ni dakika ya duara. Hata majina ya buruji 12 yaliwahi kuandikwa kwa Kigiriki cha Kihindi: Kriya, Tavuri, Jituma. Baadaye yakatafsiriwa kuwa Mesha, Vrishabha, Mithuna, yaani kondoo, ng'ombe, mapacha. Ni buruji zilezile ambazo wanafalaki wa pwani yetu wanaziita Hamali, Thauri na Jauza. Chimbuko lake la mbali ni Babeli. Kutoka huko zilikwenda kwa Wagiriki, na kwa Wagiriki zikagawanyika njia mbili: moja ikaelekea Bara Hindi, nyingine kwa Waarabu, na ile ya Waarabu ndiyo iliyotufikia sisi kwa jahazi.

Ndiyo maana huwa nacheka kidogo nikiona tangazo la "unajimu wa Kiveda, siri safi ya miaka elfu tano". Veda zinazijua nakshatra. Zinajua mwezi mpya na mwezi mpevu. Ramani ya kuzaliwa haimo humo, na jina lenyewe, unajimu wa Kiveda, ni la karne iliyopita. Wanazuoni wa kale wenyewe hawakuona haya kukiri deni lao. Mmoja wao alisema wazi kwamba Wayavana ni watu wa nje, wasio wa dini yake, lakini kwa kuwa elimu hii imesimama imara kwao, wanastahili heshima ya wahenga.

Aliyesema hivyo ni Varahamihira, na kwake inabidi tukae kidogo.

Aliishi karne ya sita katika nchi ya Ujjain, baba yake akiitwa Adityadasa. Ujjain haukuwa mji wa hivihivi. Wataalamu wa Kihindi waliupitisha mstari wao wa sifuri wa longitudo hapo, kama leo dunia inavyoupitisha Greenwich, na wanajiografia wa Kiarabu waliubeba mji huo katika vitabu vyao kwa jina la Arin. Varahamihira aliandika sana. Katika kimoja cha vitabu vyake, ambacho hesabu zake zinaanzia mwaka 505, alikusanya mifumo mitano ya elimu ya nyota iliyokuwa ikishindana wakati wake. Mmoja ulikuwa bado unatumia ile yuga ya miaka 5 ya kina Lagadha. Mwingine unaitwa Romaka, na jina lake linawaelekeza Roma. Hakusifu wote kwa pamoja ili kila mtu afurahi. Alisema mfumo wa Surya, Jua, ndio sahihi kuliko yote, miwili mingine inakaribia, na miwili iliyobaki iko mbali na ukweli.

Kitabu chake kikubwa zaidi ni Brihat Samhita, chenye sura mia na kitu, na sijui hata nikiiteje, maana kila kitu kimo: mawingu, matetemeko ya ardhi, vimondo, ujenzi wa nyumba na mahekalu, vito, manukato, tabia za wanyama. Kuna sura nzima ya kutafuta maji chini ya ardhi. Ukiona kichuguu cha mchwa karibu na mti wa aina fulani, anasema, chimba upande huu, kina cha watu kadhaa, na "mtu" hapo ni kipimo cha mtu aliyeinua mikono juu. Anataja pia ni chura au udongo wa rangi gani utakaokutana nao njiani kabla hujafika kwenye maji. Mtu aliyeandika hayo alizungumza na wachimba visima.

Na kuna sura ya Rahu. Hiyo ndiyo niipendayo.

Hadithi yenyewe ni hii. Miungu na majitu walipoivuruga bahari ya maziwa ili watoe kinywaji cha kutokufa, jitu moja lilijigeuza likaketi kwenye safu ya miungu, likapokea kikombe. Jua na Mwezi wakalitambua, wakamnong'oneza mungu Vishnu. Kabla funda halijashuka tumboni, Vishnu akarusha kisahani chake chenye makali, akalikata kichwa. Kichwa kilikuwa kimekwisha kuonja, kwa hiyo hakikufa. Kichwa hicho ndicho Rahu, na kiwiliwili kilichobaki ndicho Ketu. Tangu siku hiyo Rahu anawawinda wale wasengenyaji wawili. Akimpata Jua humeza, akimpata Mwezi humeza, lakini kwa kuwa hana tumbo, wanatokea shingoni. Huko ndiko kupatwa kwa jua na mwezi.

Varahamihira aliijua hadithi hiyo tangu utoto. Katika kitabu chake anaisimulia, kisha anauliza maswali ya mtoto mkorofi: kama Rahu ana mwili na anatembea kwa mwendo unaojulikana, inakuwaje awakamate wale wawili wakiwa mahali tofauti namna ile? Jibu lake lipo wazi. Mwezi ukipatwa, umeingia kwenye kivuli cha Dunia. Jua likipatwa, Mwezi umepita mbele yake. Rahu hana kazi hapo. Mtaalamu mwingine wa Kihindi, Aryabhata, alikwisha kueleza jambo hilo mwaka 499 katika kitabu chake, akiwa na miaka 23 tu, na kwa hiyo Varahamihira hakuwa wa kwanza. Lakini hakumfukuza Rahu moja kwa moja. Anasema Rahu alipewa zawadi ya kupata fungu lake la sadaka wakati wa kupatwa, na ndiyo maana watu humtaja. Kwa maoni yangu hiyo ni adabu ya mtu anayeishi na majirani wachaji Mungu.

Karne tano baadaye, mwanachuoni Mwislamu kutoka Khwarazm, al-Biruni, alijifunza Kisanskriti, akamsoma Varahamihira, akatafsiri kitabu chake kimoja kidogo kwa Kiarabu, na katika kitabu kikubwa alichokiandika kuhusu India mnamo mwaka 1030 akamnukuu kwa heshima. Rahu na Ketu hawakupotea pia. Katika hesabu ni majina ya sehemu mbili ambapo njia ya Mwezi inakatana na njia ya Jua, kwa sababu kupatwa hutokea karibu na hapo tu. Waarabu huziita kichwa na mkia wa joka. Katika unajimu wa Kihindi zinahesabiwa sayari kamili, na kufanya jumla ya sayari tisa: Jua, Mwezi, Mirihi, Utaridi, Mshtarii, Zuhura, Zohali, Rahu na Ketu.

Sasa ile 120. Kitabu ambacho wanajimu wa Kihindi wa leo wanakiapia kuliko vyote kinahusishwa na mhenga Parashara, akimfundisha mwanafunzi wake Maitreya. Kinaitwa Brihat Parashara Hora Shastra. Kina sifa ya kuwa cha kale mno, lakini matoleo yake yaliyochapishwa hayakubaliani hata kuhusu idadi ya sura, na tabaka zake zinaonekana ni za zama mbalimbali. Humo maisha kamili ya binadamu huhesabiwa kuwa miaka 120, na sayari tisa huyatawala kwa zamu: Ketu miaka 7, Zuhura 20, Jua 6, Mwezi 10, Mirihi 7, Rahu 18, Mshtarii 16, Zohali 19, Utaridi 17. Jumlisheni kama hamniamini. Nani anaanza? Inategemea Mwezi ulikuwa kwa mke gani ulipozaliwa. Wake 27, sayari 9, kwa hiyo kila sayari ina wake watatu. Kwa Rohini anayeanza ni Mwezi mwenyewe, na baada ya hadithi niliyowasimulia hamtashangaa. Ukizaliwa Mwezi ukiwa katikati ya Rohini, nusu ya zamu imekwisha kupita, unabaki na miaka 5 ya Mwezi, kisha Mirihi hadi miaka 12, Rahu hadi 30, Mshtarii hadi 46, Zohali hadi 65. Ni mashine nzuri ya hesabu. Inapendeza kuitazama ikizunguka.

Wageni hawakuishia kwa Wagiriki. Mwaka 1587, katika zama za mfalme Akbar, mtaalamu Nilakantha aliandika kitabu cha Kisanskriti cha mtindo unaoitwa Tajika, ambao ni unajimu wa Waarabu na Waajemi uliovishwa mizani ya Kihindi. Kimejaa maneno kama sahama, kutoka Kiarabu sahm. Mwanafalaki wa Lamu angeyasikia angegeuza kichwa.

Mbali na wageni, anga lenyewe nalo limebadilisha mambo. Mnaona Januari watu wa India wakisherehekea Makar Sankranti, Jua linapoingia buruji ya Makara, Jadi? Ni tarehe 14, mara nyingine 15. Zamani siku hiyo ilikuwa ileile ambayo jua hugeuza safari yake na kuanza kurudi kaskazini. Leo jua linageuka tarehe 21 au 22 Desemba, wiki tatu na zaidi kabla. Kilichotokea ni kwamba Dunia inayumba kama pia, polepole mno, mzunguko mmoja kwa miaka karibu 26,000, na hivyo majira yanaachana na nyota. Utabiri wa nyota wa magazeti yetu unafuata majira. Kalenda za Kihindi zinafuata nyota. Tofauti imefika digrii 24 hivi. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa tarehe 5 Aprili ni Kondoo kwenye gazeti, na ni Samaki kwa mnajimu wa Varanasi. Muulizeni mnajimu yeyote yupi ana haki, mtapata mazungumzo ya jioni nzima.

Najua mna swali lililowakaa kooni: je, utabiri huo ni kweli? Jayant Narlikar, mtaalamu wa elimu ya anga wa Pune, aliamua kulipima. Yeye na wenzake walikusanya saa na mahali pa kuzaliwa pa watoto 200, mia moja waliofanya vizuri sana shuleni na mia moja wenye ulemavu wa akili. Wanajimu 27 (idadi ya wake wa Mwezi, kwa bahati tu) walifika hadi mwisho, kila mmoja akapewa ramani 40 aseme huyu ni wa kundi gani. Walipatia asilimia 46. Taasisi moja ya unajimu ikachukua ramani zote 200, ikapatia asilimia 51. Mngerusha sarafu mngefika hapohapo.

Lakini kuandama kwa mwezi hakurushiwi sarafu, na sehemu hiyo ya jyotisha, ile ya Lagadha, inafanya kazi hadi sasa. Kalenda yake inaitwa panchanga, na familia za Kihindu za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala zinaifungua kila mwaka kujua Diwali ni lini. Diwali huwa usiku wa mwezi kutoonekana kabisa. Shida ni kwamba siku ya Mwezi haianzi alfajiri wala saa sita ya usiku. Huanza wakati wowote Mwezi unapofikia pembe yake mbele ya Jua. Mwaka 2024 siku hiyo ya giza ilianza alasiri ya tarehe 31 Oktoba nchini India, ikaisha jioni ya tarehe 1 Novemba. Wenye panchanga wakagawanyika. Wengi waliwasha taa zao Alhamisi, wengine wakasubiri Ijumaa, na kila upande ulikuwa na beti za Kisanskriti za kuthibitisha.